Salfa ya mikorosho inaleta utitiri kwenye nyanya, au tunaisingizia tu?

#1 Bonde la Mikindani
Wakuu za jioni. Naomba tubishane kidogo maana hapa mtaani nimebishana mpaka watu wananikwepa. Nalima nyanya na bilinganya pembeni ya Mikindani, shamba limepakana na mikorosho ya jirani pande mbili. Kila mwaka nyanya zinaenda vizuri tu mpaka jirani aanze kupuliza salfa, ule unga wa njano wa dawa ya mikorosho, ile mwezi wa sita wa saba, hapo sasa majani yangu yanaanza vidoti vyeupe vyeupe, halafu yanakuwa njano, halafu yanapauka rangi ya shaba, ukigeuza jani chini unaona kama vumbi linatembea na utando mwembamba umefunga kwenye vikonyo. Sisi tunaita utitiri mwekundu, dukani wanasema redi spaida. Mwaka ambao jirani alichelewa kupuliza na wao walichelewa kuja. Madai yangu ni kwamba salfa ndiyo inawaleta. Anayekataa aje na hoja, sio matusi.

#2 Chuno Boy
Nimekaa mkeka wa mbele, korosho za kukaanga ninazo. Endeleeni.

#3 Pampu Mgongoni
Mkuu hapo umeteleza. Salfa ni dawa ya utitiri, tena ya zamani kuliko karibu zote unazoziona dukani. Kusema salfa inaleta utitiri ni sawa na kusema chandarua kinaleta mbu. Kinachotokea ni msimu tu. Ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, unashambulia maua ya mikorosho kuanzia mwezi wa sita hivi na kuendelea, ndio maana jirani anapuliza wakati huo. Na utitiri nao unapenda wakati huohuo, mvua zimekata, jua linawaka, hakuna cha kuwaosha kwenye majani. Kwenye joto la nyuzi 30 yai linakuwa mdudu mzima anayetaga ndani ya wiki moja mpaka siku kumi, na jike mmoja anataga mayai mia na zaidi maishani mwake. Sasa piga hesabu mwenyewe Juni mpaka Oktoba vizazi vingapi hapo. Jirani anakupulizia dawa bure halafu unamlalamikia, mshukuru.

#4 Bonde la Mikindani
@Pampu Mgongoni kama ni msimu tu basi wangetokea shamba zima kwa pamoja. Mbona mistari iliyo karibu na mikorosho ndiyo inaanza kila mara? Kule karibu na kisima wanafika mwishoni kabisa.

#5 Dada wa Mtama
Kabla hamjafika mbali, una uhakika ni wadudu? Salfa yenyewe ikitua kwenye majani jua likiwa kali inaunguza, wataalamu wanasema ikizidi nyuzi 32 hivi usiipige kabisa, na matango na matikiti ndio hayavumilii hata kidogo. Jani lililoungua nalo linapauka na kukauka pembeni. Chukua karatasi nyeupe, weka chini ya tawi, piga tawi kwa kiganja. Vinukta vikianza kutembea ni utitiri. Vikikaa tuli ni vumbi au salfa yenyewe.

#6 Bonde la Mikindani
Dada asante, nilishafanya. Vinatembea. Na ukisugua kidole karatasi inabaki na michirizi myekundu kama damu. Ni wao.

#7 Ng'apa Kwetu
Hao wa rangi ya damu kwenye nyanya ni hatari kuliko ile aina nyingine ya utitiri, wale wa madoa mawili mgongoni. Hawa asili yao Amerika ya Kusini, kwenye bara letu walianza kuonekana huku kusini, Zimbabwe mwishoni mwa miaka ya 1970, Kenya wakaja kuripotiwa mwaka 2001. Wanapenda jamii ya nyanya zote, bilinganya, nyanya chungu, viazi mviringo, tumbaku, na mnafu. Huyo hakuletwa na salfa ya mtu, keshaenea siku nyingi.
Na kwa wanaoita wadudu, hawa wana miguu minane, ni ndugu wa buibui na kupe. Ndio maana dawa nyingi za wadudu unawapigia wanakuangalia tu.

#8 Mzee wa Mahuta
Wanangu mnabishana salfa salfa, hamjamuuliza huyo jirani anapuliza nini kingine. Mimi mikorosho nimeikuta kwa baba yangu. Ubwiri unga hapa nchini uliripotiwa 1979, salfa ikaja kwa ajili hiyo. Lakini mkorosho hauna adui mmoja. Kuna mbu wa mikorosho, yule anayenyonya machipukizi mapya yanabaki meusi kama yamechomwa moto. Huyo hafi kwa salfa, anapigiwa dawa za wadudu, nyingi ni za lile kundi la pareto za kiwandani, na anapigiwa kipindi hichohicho cha machipukizi na maua. Dawa hizo zikipeperuka zikatua kwenye nyanya ya kijana wetu zinaua kila kitu kizuri kinachokula utitiri, utitiri wenyewe haziuangushi sawasawa. Baada ya hapo utitiri unazaana hauna polisi. Mtu akiangalia anaona unga wa njano hewani, analaumu kinachoonekana.

#9 Binti Rondo
Shikamoo mzee. Hapo #8 umefunga mjadala.

#10 Pampu Mgongoni
Hajafunga kitu binti, shikamoo mzee wangu lakini naendelea kubisha. Hilo la kuua walinzi nakubali linatokea, hata kwenye vitabu lipo, wakulima wengi wanapigia nyanya dawa ya viwavi kila wiki halafu wanashangaa utitiri umetoka wapi. Ila tuanze na upepo. Bonde la Mikindani, mikorosho ya jirani iko upande gani wa shamba lako?

#11 Bonde la Mikindani
Kusini na magharibi.

#12 Pampu Mgongoni
Haya. Miezi hiyo upepo unaovuma hapa kwetu ni kusi. Utitiri ukishajaa kwenye mmea unapanda juu kabisa kwenye ncha, unatoa uzi, upepo unaubeba. Kwa hiyo mistari ya upande wa mikorosho inapata kwanza kwa sababu ndiko upepo unakotokea, hata jirani angekuwa analima mahindi ungeona vilevile. Chini ya hiyo mikorosho kuna nini? Magugu?

#13 Bonde la Mikindani
Chini ya mikorosho alishafyeka, pasafi, huwezi kuokota korosho kwenye majani. Ila pale mpakani kuna mnafu kibao, huo ni wangu, nimeuacha makusudi mama watoto anachuma mboga.

#14 Ng'apa Kwetu
HAHAHA. Soma tena #7 mwisho wa sentensi ya wanavyovipenda.

#15 Chuno Boy
Kesi imegeuka, mshtaki kawa mshtakiwa 😂😂

#16 Bonde la Mikindani
Subirini kwanza. Mnafu upo mwaka mzima. Mbona masika hawapo?

#17 Dada wa Mtama
Masika wapo wachache, mvua inawapiga. Mnafu unawatunza tu mpaka kiangazi. Lakini hiyo hainiridhishi na mimi maana kwangu sina mnafu, nina bamia, na wanakuja vilevile.

#18 Kuku wa Naliendele
Salaam wakuu. Mbona hakuna aliyetaja mbolea? Mimi mwaka niliotupa samadi ya kuku bustanini ndio nilipata utitiri wa kufa mtu. Banda langu lilikuwa na utitiri, nikaupeleka mwenyewe kwenye mchicha.

#19 Ng'apa Kwetu
Hapana mkuu, hao ni wengine. Utitiri wa kuku unanyonya damu, ukiupeleka kwenye nyanya utakufa njaa. Wa mimea unanyonya maji ya jani, unatoboa chembechembe moja moja na kuzifyonza, ndio vile vidoti vyeupe.

#20 Kuku wa Naliendele
Sasa mbona vilifuatana?

#21 Bwana Urea
Vilifuatana kwa sababu ya naitrojeni. Samadi ya kuku ni kali. Jani likinenepa na kuwa laini, kijani cha kung'aa, utitiri unataga mayai mengi zaidi. Sio kwamba uliwaleta, uliwapikia. Hata mwenye uzi namuuliza, urea unaweka mara ngapi?

#22 Bonde la Mikindani
Naweka kawaida tu.

#23 Bwana Urea
"Kawaida tu" ya watu wa Mikindani tunaijua 😂

#24 Mla Kisamvu
Niko Nachingwea, samahani natoka nje ya mada kidogo. Mihogo yangu kiangazi majani ya juu yanakuwa madogo, yamepauka madoamadoa, mengine yanadondoka inabaki ncha imesimama kama mshumaa. Bwana shamba mmoja alisema batobato, mwingine akasema utitiri. Ni huohuo wa nyanya?

#25 Ng'apa Kwetu
Sio huohuo. Wa mihogo ni wa kijani, naye katoka Amerika ya Kusini, Afrika ulionekana kwanza Uganda 1971 kisha ukatambaa nchi zote zinazolima mihogo. Tofauti na batobato ni hii: batobato ni virusi, jani linajikunja na kupinda upande, mabaka ya njano na kijani, na unaliona masika na kiangazi, unasambazwa na nzi weupe na vipando vyenye ugonjwa. Utitiri ni vidoti vidogo kama jani limechomwachomwa na sindano, unakuwa mkali kiangazi, mvua ikirudi muhogo unachipua safi. Shina likichipua safi baada ya mvua ya kwanza, huo ni utitiri. Likichipua na mabaka tayari, ng'oa, na usichukue kipando hapo.
Na msipige dawa kwenye mihogo jamani, kisamvu tunakula. Huo walishautafutia dawa yake, utitiri mwenzake anayekula utitiri, ulitolewa Amerika ya Kusini na watu wa IITA, ile taasisi ya utafiti wa kilimo, wakauachia Benin mwaka 1993 ukaenea nchi nyingi. Unakaa mchana ndani ya ncha ya muhogo, usiku unashuka kwenye majani kuwinda. Unapenda aina za mihogo zenye ncha ya manyoyamanyoya, zile laini hauna pa kujificha.

#26 Mla Kisamvu
Dah. Kwa hiyo mtu akichuma kisamvu kile cha nchani anachuma na polisi?

#27 Ng'apa Kwetu
Ndio hivyo 😂 bakiza ncha nyingine.

#28 Chuno Boy
Watu wa Lindi kwa kisamvu hamtanii. Uzi wa nyanya mmeshaufanya wa mboga.

#29 Binti Rondo
Na nyie Mtwara mnalima nyanya chini ya mikorosho halafu mnalialia humu, mwisho wa siku mnakula nyanya za Iringa.

#30 Mama Bustani Ndanda
Habari zenu. Nimesoma yote, mmesema ya vitabuni mengi, mimi naongea ya mikono. Huku Ndanda maji tunayo ya mlimani, kwa hiyo sijui wa Mikindani atafanyaje, lakini mimi asubuhi mapema naelekeza mpira chini ya majani, CHINI, sio juu, nasukuma maji kwa nguvu. Utando unakatika, wanadondoka. Siku mbili tatu narudia. Majani ya chini kabisa yaliyochoka nayakata natia kwenye kiroba nafunga, situpi pembeni ya shamba maana wanarudi kwa miguu. Na kitu ambacho hakuna aliyesema, mnaingia shambani mkianzia wapi? Vibarua wangu walikuwa wanaanza kuchuma kwenye mistari iliyougua kwa sababu ndiyo iliyo karibu na njia, kisha wanaingia kwenye mizima na nguo zilezile. Utitiri unapanda nguo, mikono, matenga. Sasa tunaanzia kwenye mizima. Hapo tu nimepata nafuu kubwa kuliko dawa.
Kuhusu salfa mimi siwezi kusema, huku jirani zangu hawapulizi.

#31 Dada wa Mtama
Mama hiyo ya kuanzia mistari mizima ni dhahabu.

#32 Pampu Mgongoni
@Bonde la Mikindani njia yako ya kuingilia shambani iko upande wa mikorosho?

#33 Bonde la Mikindani
...ndio. Ila bado sijakubali.

#34 Dereva wa Mangaka
Mimi nilipita Mikindani juzi, hiyo njia anayosema ni ya vumbi tupu, malori yanapita. Vumbi kwenye majani linajulikana linapendelea utitiri, linawasumbua wale wanaowala. Angalieni miembe ya barabarani na ya ndani zaidi, mtaona tofauti.

#35 Mkorosho wa Newala
Naomba nimtetee mwenye uzi maana mmemgeuza mjinga. Mimi nafanya kazi ya kupuliza mikorosho msimu mzima, naijua salfa. Kuna mabishano kama haya kwa wakulima wa zabibu kule California, nao wanapiga salfa kwa ajili ya ubwiri unga, na kuna wanaosema mashamba yenye salfa nyingi utitiri unazidi badala ya kupungua. Hoja yao ni kwamba salfa inawachoma zaidi utitiri walaji, wale walinzi, kuliko wale wa kunyonya majani ambao wamejificha chini ya utando. Wengine wanapinga, wanasema inategemea umepiga lini na kiasi gani. Sasa fikiria salfa inayomfikia huyu ndugu, sio kipimo cha kuua, ni ile iliyopeperuka kutoka kwenye bloa, ile mashine ya kupulizia, inatua juu ya jani. Utitiri uko chini. Anayetembea juu na chini akitafuta chakula ni mlinzi. Nani anakufa hapo?

#36 Mzee wa Mahuta
Huyu kijana kaongea.

#37 Pampu Mgongoni
Kaongea vizuri lakini zabibu sio nyanya na California sio Mikindani. Tena nyanya ina vile vinywele vyenye gundi kwenye shina, utitiri walaji wengi wanashindwa hata kutembea humo. Hao walinzi mnaosema wameuawa walikuwepo kwanza? Kwenye waridi za Naivasha kule Kenya wanawanunua na kuwaachia, kwenye nyanya sio kila aina ya mlinzi inakubali.

#38 Mkorosho wa Newala
Walinzi sio utitiri tu, kuna mbawakavu wadogo weusi wanaokula utitiri peke yake, hao wanaruka.

#39 Pampu Mgongoni
Umewahi kuwaona hapa kwetu?

#40 Mkorosho wa Newala
Umewahi kuwatafuta?

#41 Chuno Boy
🔥🔥🔥

#42 Msafiri Ruangwa
Mambo ya nani kaleta tuache, dawa gani inaua? Mimi nilipiga abamektini mara ya kwanza wakafa, nikarudia wakapungua, sasa naona kama wanaoga.

#43 Dada wa Mtama
Kwa sababu umekomaa na moja. Utitiri unazoea dawa haraka sana, vizazi vyao ni vifupi, wanaobaki ndio wanaozaa. Badilisha kundi la dawa, sio jina la chupa, maana majina mawili matatu dukani yanaweza kuwa kitu kilekile, soma kiambato. Pia abamektini haiui mayai vizuri, ndio maana baada ya siku chache unaona wapya. Na utakuwa unapiga juu ya majani. Nozeli igeuze iangalie juu, ipite chini ya majani.
Halafu ukipiga usichume kesho yake ukapeleka sokoni. Lebo ina siku za kusubiri, zihesabu. Nimeona watu wanapiga asubuhi jioni wanauza.

#44 Msafiri Ruangwa
Mimi sio hao dada.

#45 Kuku wa Naliendele
Mwarobaini je? Miti tunayo kila kona. Nilifikiria nichanganye mafuta ya mwarobaini na salfa nipige siku moja, wafe wote.

#46 Dada wa Mtama
USICHANGANYE. Salfa na mafuta ya aina yoyote vinaunguza mmea, acha angalau wiki mbili kati yake. Na hapo ndipo nataka mwenye uzi anijibu, ulipiga mwarobaini kipindi jirani anapuliza?

#47 Bonde la Mikindani
Mwarobaini napiga ndio, nasaga mbegu, naloweka usiku, nachuja, natia sabuni kidogo. Sio yale mafuta ya chupa.

#48 Dada wa Mtama
Mbegu nazo zina mafuta.

#49 Bwana Urea
Mpaka sasa tuna salfa, dawa ya mbu wa mikorosho, kusi, mnafu, vibarua, vumbi la malori, urea na mwarobaini. Bado uchawi tu.

#50 Binti Rondo
Usiutaje, atakuja mtu humu kuutetea.

#51 Mzee wa Mahuta
Kijana wa Mikindani, fanya hivi. Kaongee na jirani akuambie siku ya salfa na siku ya dawa ya mbu, hizo zisiwe siku moja. Siku ya salfa funika miche kadhaa kwa shuka au turubai jepesi, siku ya dawa ya mbu funika mingine. Ukimaliza kupulizwa funua. Miche mingine iache wazi. Halafu kila baada ya siku chache piga tawi kwenye karatasi kama alivyosema binti wa Mtama, uhesabu. Iwe yote mstari mmoja, umbali mmoja kutoka kwenye mikorosho, usilinganishe ya mpakani na ya kisimani.

#52 Pampu Mgongoni
Mzee hiyo nzuri ila shuka litamkinga na kusi pia, na utitiri unaokuja na kusi. Hatutajua ni kipi.

#53 Mkorosho wa Newala
Kusi linavuma siku zote, shuka litakaa masaa machache tu. Mnabisha kwa kupenda.

#54 Pampu Mgongoni
Nabisha kwa sababu mwaka huu atafunika, utitiri utapungua, atarudi humu kusema salfa, kumbe aling'oa mnafu. Aung'oe au auache, asifanye yote kwa pamoja.

#55 Bonde la Mikindani
Mnafu sing'oi, mnataka nilale nje? Jirani nitaongea naye, ni mtu mzuri. Na nitaotesha mtama mistari kadhaa pale mpakani uwe ukuta, naona wengine wanafanya hivyo kuzuia upepo. Nitaanza mapema kabla mvua hazijaisha ili uwe umepanda juu.

#56 Pampu Mgongoni
Sasa na mtama tena! Hesabu imeongezeka.

#57 Mpwani wa Kilwa
Wakuu nimechelewa, asanteni kwa darasa. Mimi niko Kilwa Masoko, sina mkorosho hata mmoja jirani, nina mapapai. Majani ya juu kabisa yanakuja madogo, yamekunjamana kama kucha za ndege, mimea imedumaa. Nimegeuza, nimepiga kwenye karatasi nyeupe, sioni kinachotembea wala utando. Ni huyuhuyu?

#58 Ng'apa Kwetu
Wa utando anaanzia majani yaliyokomaa na unamwona ukikaza macho. Kama ni ncha tu ndiyo inayojikunja na hakuna utando, kuna utitiri mwingine mdogo zaidi, macho matupu hayamwoni, anakaa kwenye machipukizi na anapenda unyevunyevu. Virusi vya papai navyo vinaleta sura kama hiyo. Kata ncha moja, tia kwenye mfuko, mtafute mtu mwenye lenzi kabla hujanunua dawa yoyote. Na tuma picha ya jani la katikati, sio la juu.

#59 Mpwani wa Kilwa
Picha kesho, simu haina chaji.